Meno yanaweza kufanana, lakini nyuso hazikui sawa

Hebu wachukue watoto wawili wa darasa moja katika shule yoyote mjini Voi, wote wa umri wa miaka 12. Waambie waumanishe magego ya nyuma, kisha wafungue midomo. Kwa wote wawili unaona jambo lile lile: meno ya mbele ya juu yameshuka yakayafunika ya chini karibu yote, hata mtu akadhani meno ya chini hayapo. Sasa mzazi wa mmoja akisikia kwamba mtoto wa jirani alipelekwa Mombasa akatiwa nyaya za meno na leo anapendeza, ni rahisi aseme, "Nami nitampeleka wangu akatiwe kama zile."

Hapo ndipo palipo na hatari, msomaji mpendwa. Meno ya watoto hao wawili yanaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, ilhali mifupa inayoyabeba inakua kwa njia mbili tofauti kabisa. Dawa inayomnyoosha mmoja inaweza kumharibia mwenzake sura. Ndiyo maana daktari anayeijua kazi yake haanzi kwa kutazama meno. Huanza kwa kutazama uso, na jinsi uso huo unavyokua.

Jambo hili linamhusu mzazi wa Nairobi na Mombasa, lakini linamhusu zaidi yule wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, ambaye kila ziara ya daktari wa nyaya aghalabu ni safari ya siku nzima. Akikosea mwanzoni, hupoteza fedha, na pia hupoteza miaka ya kukua ya mtoto, ambayo hairudi.

Kufunikana si kuchomoza

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kuchomoza: meno ya juu yametokeza mbele, mbali na ya chini. La pili ni kufunikana: meno ya juu yameshuka chini na kuyaficha ya chini. Mtoto anaweza kuwa na moja bila ya jingine, au akawa nayo yote mawili. Leo tunazungumzia hasa hilo la pili.

Kufunikana kidogo ni jambo la kawaida na la lazima. Katika kinywa kilichopangika vizuri, meno ya mbele ya juu hufunika kiasi cha thuluthi moja ya meno ya chini, yaani milimita mbili hadi nne hivi. Yakifunika nusu au zaidi, daktari huanza kutazama kwa makini. Na yakifunika yote, meno ya chini yanaweza kuchoma ufizi wa juu, nyuma ya meno ya mbele, kila mtoto anapotafuna. Ukimwona mwanao ana alama za meno au vidonda kwenye kaakaa, au akilalamika kwamba ufizi wa mbele unamuuma akila, usingoje. Hali hiyo pia husaga meno ya mbele yakawa mafupi kadiri miaka inavyopita.

Hata hivyo usiingiwe na hofu bure. Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 919 wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15. Asilimia 72 kati yao walikutwa na kasoro moja au nyingine katika mpangilio wa meno. Ikiwa karibu watoto watatu kwa kila wanne wana kasoro fulani, basi kasoro pekee si ugonjwa. Swali la maana ni hili: Je, kasoro hiyo inadhuru ufizi, meno, kutafuna au kusema, au inamfanya mtoto aone haya hata hataki kucheka mbele ya wenzake?

Kifuniko cha sanduku

Ili uelewe kwa nini nyuso hazikui sawa, tazama sanduku la bati ambalo mwanafunzi hulibeba akienda shule ya bweni. Kifuniko chake kimeshikwa kwa bawaba upande wa nyuma. Taya la chini nalo limeshikwa namna hiyo, kwa viungo viwili vilivyo mbele ya masikio. Tofauti ni kwamba taya hukua, na linapokua huzunguka kidogo kidogo.

Aliyeonyesha jambo hili waziwazi ni Arne Björk, mtaalamu aliyefanya kazi Copenhagen, Denmark. Katika miaka ya 1950 aliingiza vipini vidogo sana vya madini katika mifupa ya mataya ya watoto, kisha akawapiga picha za eksirei mwaka baada ya mwaka. Vipini havisogei ndani ya mfupa, kwa hivyo vilimpa alama za kupimia. Akaona kwamba taya la chini la baadhi ya watoto huzunguka kwenda mbele na juu, na la wengine huzunguka kwenda chini na nyuma.

Kwa mtoto wa kwanza, sehemu ya nyuma ya uso hurefuka upesi kuliko ya mbele. Kidevu husukumwa mbele na juu, kama sanduku linalofungwa. Uso huwa mfupi na mpana, pembe za taya huonekana kama za mraba, misuli ya kutafuna huwa na nguvu, na kati ya mdomo wa chini na kidevu huwa na mfuo. Meno ya mbele ya mtoto kama huyu hufunikana sana.

Kwa mtoto wa pili, sehemu ya mbele ya uso ndiyo hurefuka zaidi. Kidevu huenda chini na nyuma, kama sanduku linalofunguliwa. Uso huwa mrefu na mwembamba, midomo huachana mtoto akiwa ametulia, na akicheka ufizi mwingi wa juu huonekana. Aghalabu watoto wa aina hii huwa na pengo mbele, meno ya juu na ya chini yasikutane. Lakini si wote. Kwa wengine, kadiri taya linavyofunguka, meno ya mbele nayo huzidi kuota yakilifuata, mpaka yakafunikana kupita kiasi. Huyu ndiye anayewapoteza wengi, kwa sababu ukitazama meno tu utasema ni sawa na yule wa uso mfupi.

Katikati yao wapo watoto wengi wa uso wa wastani, ambao nyuma na mbele hukua kwa kadiri moja.

Daktari hayakisii haya kwa macho peke yake. Hupiga picha ya eksirei ya kichwa kutoka upande, njia iliyoanza kutumika katika kupanga meno tangu mwaka 1931, kisha hupima pembe kati ya ukingo wa chini wa taya na mstari unaopita chini ya jicho hadi kwenye sikio. Pembe ya nyuzi 25 hivi huhesabiwa kuwa ya wastani. Ikiwa ndogo sana, uso ni wa kufunga. Ikiwa kubwa sana, uso ni wa kufungua.

Lakini vipimo hivyo vingi vilitokana na Wazungu wa Marekani na Ulaya. Kwa Waafrika wengi, meno na midomo hutokeza mbele kidogo zaidi kwa maumbile, na hiyo si kasoro ya kurekebishwa. Vivyo hivyo mwanya. Kwetu Pwani mwanya husifiwa, ilhali vitabu vya ng'ambo huuita pengo la kuzibwa. Ikiwa mwanao anaupenda mwanya wake, mwambie daktari mapema kabla waya haujauziba.

Nyaya hufanya nini hasa?

Wengi hudhani nyaya huyavuta meno kwa nguvu kama koleo linavyovuta msumari. Sivyo. Daktari husugua jino, hulipaka asidi laini kwa muda wa chini ya dakika moja ili uso wake uparuzike kidogo, kisha hugandisha kidude kidogo cha chuma au cha kauri kwa gundi maalumu. Waya hupitishwa katika vidude hivyo. Waya wa kwanza aghalabu ni wa aloi ya nikeli na titani, ambao hata ukipindwa hutaka kurudi katika umbo lake. Katika kurudi huko ndiko husukuma jino taratibu.

Jino likisukumwa polepole, mfupa ulio upande linakoelekea huliwa na chembechembe za mwili, na upande linakotoka hujengwa mfupa mpya. Kazi hiyo haiharakishwi kwa kutia nguvu nyingi. Jino husogea kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na nguvu ikizidi mizizi inaweza kuliwa ikafupika. Ndiyo sababu matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, wakati mwingine zaidi.

Basi, ili kupunguza kufunikana kwa meno, daktari ana njia tatu kuu. Anaweza kuyarudisha meno ya mbele ndani ya ufizi. Anaweza kuyaacha au kuyafanya meno ya nyuma yaote zaidi, ili yainue mataya yaachane. Au anaweza kuyainamisha meno ya mbele yaelekee nje kidogo, ikiwa yamelala kwa ndani. Kuchagua njia ipi ndiyo kazi yenyewe, na jibu linatoka katika uso.

Rudi kwenye lile sanduku. Weka kalamu nyembamba karibu na bawaba, kisha jaribu kulifunga. Utaona upande wa mbele umebaki na pengo kubwa kuliko unene wa kalamu. Magego yako karibu na bawaba. Yakiinuka kwa milimita moja tu, mbele mataya huachana kwa kiasi cha milimita mbili hivi. Ni njia yenye faida kubwa kwa mtoto mmoja, na yenye hasara kubwa kwa mwingine.

Mtoto wa uso mfupi

Kwa huyu anayefunga, kuyainua magego ni jambo jema, hasa akiwa bado anakua. Uso wake mfupi utarefuka kidogo, mfuo wa chini ya mdomo utapungua, na meno ya mbele yataachana. Daktari anaweza kumwekea kibao kidogo cha plastiki nyuma ya meno ya mbele ya juu, au kugandisha vijiwe vidogo vya gundi ngumu juu ya meno, ili akiumana magego yasikutane. Magego yakikosa kukutana huota zaidi. Wakati huo huo waya uliopindwa kinyume hunyoosha mstari wa meno ya chini, ambao kwa watoto hawa huwa umebonyea katikati kama mtumbwi.

Ugumu wake uko katika misuli. Misuli ya kutafuna ya mtoto huyu ina nguvu, nayo hutaka kuyarudisha magego chini. Ndiyo maana kazi hii hufaulu zaidi mtoto akiwa bado anakua, kwa kuwa ukuaji wa mfupa husaidia kushikilia kile kilichopatikana. Kwa mtu mzima ni vigumu zaidi, na huenda daktari akaamua kuyarudisha meno ya mbele ndani badala yake.

Jambo jingine la kuangalia kwa mtoto huyu ni kung'oa. Kuna wakati daktari hung'oa magego madogo ili kupata nafasi ya kupanga meno yaliyosongamana. Kwa uso mfupi, uamuzi huo hufanywa kwa tahadhari kubwa. Meno ya mbele yakivutwa nyuma kuziba nafasi hizo, hulala kwa ndani na kufunikana huzidi, na nafasi zenyewe huchelewa kuzibika. Ukiambiwa ung'oe, uliza sababu.

Mtoto wa uso mrefu

Sasa mchukue yule wa pili, ambaye meno yake yanafunikana vilevile lakini uso wake unafunguka. Mtie kibao kile kile, umpe waya ule ule. Magego yatainuka, mataya yataachana, na kufunikana kutapungua. Mzazi atafurahi. Lakini mtazame kutoka upande. Kidevu kimezidi kwenda chini na nyuma, uso umerefuka, na midomo ambayo tayari ilikuwa haifiki sasa haifungi kabisa bila kukazwa. Meno yamenyooka lakini sura imepotoka.

Kwa mtoto huyu, magego yanatakiwa yakae pale pale, hata yakiweza yazuiwe kuota. Kinachotakiwa ni kuyarudisha meno ya mbele ndani ya ufizi. Katika karne iliyopita wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Robert Ricketts na Charles Burstone, walibuni namna za kupitisha waya usioyagusa magego madogo, ukayashika magego makubwa ya nyuma na meno ya mbele peke yake, ili nguvu iende pale inapohitajika. Nguvu hiyo huwa ndogo mno, kama gramu 10 hadi 20 kwa jino, kwa sababu kurudisha jino ndani huelemea ncha ya mzizi wake. Siku hizi daktari anaweza pia kutumia skrubu ndogo zinazotiwa katika mfupa kwa muda, ili zibebe nguvu badala ya magego. Skrubu hizo zimeenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hali kadhalika daktari hujihadhari na ile mipira midogo inayovutwa kutoka meno ya mbele ya juu hadi gego la chini. Mipira hiyo ni maarufu sana kwa kurudisha meno yaliyochomoza, lakini huliinua gego la chini. Kwa uso mfupi hilo ni faida. Kwa uso mrefu ni hasara.

Kwa mtoto wa uso wa wastani daktari ana uhuru zaidi. Anaweza kuchanganya njia, ayainue magego kidogo na kuyarudisha ya mbele kidogo, mradi aendelee kuutazama uso. Pale ambapo mataya yamepishana mno na mtu ameshakua, nyaya peke yake huenda zisitoshe, na upasuaji wa mataya ukahitajika. Hilo nalo ni heri uambiwe mwanzoni kuliko baada ya miaka miwili ya nyaya.

Samaki mkunje angali mbichi

Wazazi huuliza, mtoto apelekwe lini? Wasichana wengi huingia katika kasi ya kukua kati ya miaka 10 na 12, wavulana kati ya 12 na 14 hivi, ingawa kila mtoto ana saa yake. Kwa kufunikana kwa meno, hicho ndicho kipindi chenye thamani. Kwa hiyo ni vyema mtoto atazamwe akiwa na miaka 7 hadi 9, meno ya utotoni na ya utu uzima yakiwa yamechanganyika. Kutazamwa si kutiwa nyaya. Wengi huambiwa warudi baada ya mwaka.

Usiyapuuze magego ya utotoni pia. Tumezoea kusema, "Yataanguka tu." Magego hayo yakiozea kinywani na kung'olewa mapema, taya hukosa nguzo za nyuma, meno jirani huinamia nafasi iliyo wazi, na kufunikana kwa mbele kunaweza kuzidi. Mtoto anayenyonya kidole baada ya meno ya utu uzima kuanza kuota naye asaidiwe kuacha kwa upole, kwa maana kidole husukuma meno nje na kufungua pengo mbele.

Safari kutoka Voi

Sasa tuje kwenye hesabu ya nyumbani. Madaktari waliobobea katika kupanga meno wengi wao wako Nairobi na Mombasa. Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita 150 hivi. Nyaya huhitaji kukazwa au kubadilishwa kila baada ya wiki nne hadi nane. Chukua wiki sita kuwa wastani: kwa miaka miwili ni safari 17 hivi. Kwenda na kurudi mara 17 ni zaidi ya kilomita 5,000. Treni ya kisasa imesimama Voi tangu 2017 na imerahisisha mambo, lakini nauli ya mtoto na mzazi, chakula na siku ya kazi iliyopotea zote ziko pale pale. Anayetoka Taveta au juu milimani Wundanyi aongeze yake.

Juu ya nauli kuna gharama yenyewe, ambayo katika kliniki za binafsi aghalabu hupita shilingi laki moja. Bima nyingi huzihesabu nyaya kuwa urembo na hukataa kulipa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza mapema, na upewe jibu kwa maandishi, ni kipi kinacholipwa na kipi si cha bima.

Kwa hivyo usikimbilie Mombasa kwanza. Anzia karibu, kama kwenye kitengo cha meno cha Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Hapo mtoto anaweza kusafishwa meno, kuzibwa yaliyotoboka na kuandikiwa barua ya kwenda kwa bingwa. Nyaya hazitiwi juu ya meno yaliyooza. Ukifika Mombasa kazi hiyo ikiwa imekwisha, umejiokolea safari mbili au tatu.

Jihadhari na wanaogandisha nyaya saluni au nyumbani kwa bei ya kutupa. Mtu ambaye hakupiga eksirei wala kupima taya hawezi kujua ni uso upi alio nao mbele yake. Waya hausogei kwa kubahatisha. Utayasukuma meno kule ulikoelekezwa, hata kama ni nje ya mfupa. Jina la daktari halali liko katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Una haki ya kuuliza.

Nyaya bwenini

Nanyi wanafunzi, sikilizeni. Wengi wenu mnatoka mijini mkaja kusoma bweni katika milima ya Taita, wengine Wundanyi, wengine Mwatate na Bura. Muhula ni mrefu kuliko muda kati ya ziara mbili za daktari. Kabla ya shule kufunguliwa, mwombe daktari apange tarehe zinazokutana na likizo fupi na siku za kufunga, na mpelekee mwalimu barua yake.

Vidude vya nyaya huvunjika kwa vitu vigumu: mahindi ya kuchoma, githeri ambayo haijaiva vizuri, miwa, mifupa, njugu na barafu. Hindi lipukuchue ule punje laini zikiwa zimechemshwa. Muwa uache mpaka nyaya zitoke. Ikiwa waya umechomoka na unachoma shavu, bandika nta aliyokupa daktari, na ukikosa nta mwone muuguzi wa shule. Usiukate kwa wembe. Kidude kimoja kilichovunjika na kuachwa wiki nane kinaweza kukurudisha nyuma miezi kadhaa.

Piga mswaki kila baada ya kula, kwa dawa ya meno yenye floridi, juu na chini ya kila kidude. Mabaki ya chakula yanayokaa hapo huacha madoa meupe ya kudumu, yanayoonekana siku nyaya zinapotolewa.

Na wale waliokulia katika nchi za volkano, kama kandokando ya Mlima Meru na Kilimanjaro au katika Bonde la Ufa, wengine wana meno yenye madoa ya kahawia kutokana na floridi nyingi katika maji ya kunywa waliyokunywa utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno hayo hutibika kwa nyaya kama mengine, lakini wakati mwingine gundi haishiki vizuri. Mwambie daktari ulikokulia, ili aandae jino inavyopasa na vidude visidondoke mara kwa mara.

Maswali matano

Kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza, mwulize daktari maswali haya, wala usione haya:

Je, uso wa mwanangu ni mfupi, mrefu au wa wastani, na umejuaje?

Utapunguza kufunikana kwa kuyarudisha meno ya mbele au kwa kuyainua magego, na kwa nini?

Je, bado anakua, na tukingoja mwaka mmoja tutapata faida au hasara?

Utang'oa meno? Ukiyang'oa, midomo na kidevu vitakuwaje kutoka upande?

Nyaya zikitoka, ni nini kitakachoyashikilia meno, na kwa muda gani?

Swali hilo la mwisho usilisahau. Kufunikana kwa meno ni kasoro inayopenda kurudi, hasa kwa uso mfupi wenye misuli yenye nguvu. Baada ya nyaya, mtoto hupewa kibao cha plastiki cha kuvaa usiku au waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno. Mifupa ya taya huendelea kubadilika hata baada ya shule ya upili, na kwa wengi kibao hicho ni cha miaka, si cha miezi. Familia iliyosafiri mara 17 kisha ikakiacha kibao kabatini inaweza kuyaona meno yakirudi kule yalikotoka.

Daktari anayeyajibu maswali hayo kwa subira, akikuonyesha picha ya eksirei na kukueleza kwa lugha unayoielewa, ndiye wa kukabidhiwa kinywa cha mwanao. Anayekujibu, "Nyaya ni nyaya tu," mwage kwa heshima, upande matatu yako urudi Voi. Nauli ya siku hiyo haikupotea.